Pembe ya Sekiete na Maji ya Ndiva

Pembe huamsha, neno huokoa.

Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana kwa jirani yetu, lile gari la matangazo lilipopita likipiga king'ora mara tatu, kisha likaenda zake bila kusema kitu. Watu walitoka majumbani wakabaki wanaulizana njiani: ni moto? Ni kipindupindu? Nani amekufa? Jirani akatikisa kichwa, akasema alivyosema, akarudi jikoni kwake. Nanyi tangu asubuhi mnaniuliza amelitoa wapi neno hilo. Basi endeleeni kuzimenya hizo tangawizi, wajukuu zangu, huku mkinisikiliza. Neno hilo halikutoka mbali. Lilizaliwa katika milima hii hii ya Upare, na mmoja wa watu waliokuwapo siku hiyo alikuwa bibi yake bibi yangu.

Zamani, kabla reli haijapita kule tambarare, palikuwa na kijiji kiitwacho Kirindi. Nyumba zake zilikuwa kwenye mteremko, nyingine juu, nyingine chini, na migomba katikati. Juu ya nyumba zote palikuwa na ndiva, yaani bwawa ambalo wazee walilizungushia ukuta wa mawe na udongo, ili maji ya kijito yajae humo, kisha yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Chini ya nyumba zote kijito hicho hicho, baada ya kuzunguka ubavu wa kilima, kilipita kwenye korongo lenye vichaka vizito na mapango.

Mwangalizi wa ndiva aliitwa Sekiete. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kifua kipana, naye ndiye aliyetunza pembe ya tandala. Pembe ile ikilia kwa kukatizwakatizwa, watu walijua ni siku ya kuzibua mifereji. Ikilia mfululizo, ilikuwa hatari. Na hatari ambayo watu wa Kirindi walikuwa wameizoea ilikuwa moja tu: wavamizi waliopanda kutoka tambarare kuiba ng'ombe na kuteka watu. Kwa hiyo pembe ikilia mfululizo, hakuna aliyeuliza. Kila mtu alishuka mbio korongoni akajificha mapangoni. Watoto walifundishwa hivyo kabla hata ya kufundishwa kuchunga.

Mwaka mmoja masika ilinyesha siku kumi na tisa bila jua kuonekana. Sekiete alikuwa ameufungua mlango wa ndiva tangu juma lililotangulia, lakini mvua iliingiza maji mengi kuliko mlango ulivyoyatoa. Asubuhi ya siku ya ishirini alikuta upande wa nje wa ukuta, chini kabisa, panatoka maji. Hayakuwa mengi. Yangeweza kujaza kata moja ya kunywea wakati mtu anahesabu mpaka kumi. Alikinga kiganja, akayatazama. Yalikuwa mekundu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji, Mzee Mrindoko.

"Ukuta unavuja, mzee," alisema. "Na maji yanatoka na udongo. Ukuta unaliwa kwa ndani."

"Utabomoka?"

"Huenda tukiuwahi utashika. Huenda usishike."

"Na usiposhika, ni lini?"

"Hilo ndilo nisilolijua kabisa."

Msimdhanie Mrindoko vibaya. Miaka sita kabla ya hapo mtu mmoja aliona moshi wa warina asali akadhani ni wavamizi, pembe ikapigwa, na watu wakakanyagana kwenye njia nyembamba. Mtoto wa ndugu yake Mrindoko alikufa siku hiyo, akiwa mikononi mwake. Tangu hapo mzee yule aliogopa kitu kimoja kuliko wavamizi wenyewe, nacho ni watu wenye hofu.

"Sasa tutawaambia nini watu?" alimuuliza Sekiete. "Tuwaambie hatujui? Ukimwambia mtu hujui, umempa hofu yote na dawa hujampa. Chukua wanaume kumi wanaoweza kufunga midomo, zibeni. Tukipata jambo la hakika tutapiga pembe. Mpaka hapo neno hili lisivuke mlango huu. Hata mkeo asilijue."

Sekiete akaapa.

Wanaume kumi walipanda mvuani na majembe, vikapu na mapanga. Nani angeshindwa kuwaona? Wanawake waliokuwa wakichuma mboga waliuliza, wakajibiwa, "Rudini nyumbani, hakuna kitu." Sasa mtu mzima akikwambia hakuna kitu, naye ana tope mpaka kiunoni na hakutazami usoni, wewe utaelewa nini? Jioni yake kila nyumba ilikuwa na habari yake. Wengine walisema kuna mzee amekufa na anafichwa. Lakini habari iliyoshika ni ile ya mapanga: wanaume wamepanda na mapanga kwa sababu wavamizi wameonekana upande wa pili wa mlima. Kesho yake palikuwa na mtu aliyejua idadi yao. Keshokutwa palikuwa na mtu aliyesikia mbwa wao.

Mke wa Sekiete aliitwa Nanzighe, na mtoto wao Kiondo alikuwa ameshahamia kijiji kingine. Alimngoja mumewe arudi, akampa maji ya kunawa, akamuuliza, "Baba Kiondo, kuna nini huko juu?"

"Tunatengeneza ukuta."

"Watu kumi na mapanga?"

"Ya kukatia majani ya migomba. Tunayashindilia ukutani."

Kuhusu mapanga alisema kweli. Yaliyobaki yote aliyaficha, maana alikuwa ameapa. Nanzighe hakuuliza tena. Aliyasikia ya majirani, akafunga ndizi za kuchoma kwenye kitambaa, akajaza kibuyu, akaviweka karibu na mlango, kama walivyofanya wanawake wengine kijiji kizima. Sekiete aliuona mzigo ule. Alijua ni wa kwenda mapangoni. Alisimama akautazama, kisha akalala.

Nanzighe alikuwa na mdogo wake, Namkunda, mfinyanzi. Huyo ndiye bibi yake bibi yangu. Udongo wake aliuchimba kwenye shimo lililokuwa ubavuni mwa kilima, karibu na ndiva, na siku ile ya pili aliyaona maji mekundu yakitiririka kutoka chini ya ukuta. Mtu wa udongo anajua udongo. Alimfuata Sekiete.

"Shemeji, haya maji yametoka wapi?"

"Ni mvua tu, shemeji. Masika."

"Maji ya mvua hayana rangi ya shimo langu. Huu ni udongo wa ndani."

"Namkunda, nimekwambia ni mvua. Nenda zako."

Akaenda zake. Baadaye, hata alipokuwa mzee sana, alikuwa akisema kwamba hilo ndilo lililomsumbua maishani: kwamba alijua, akakubali kuambiwa hajui.

Siku ya tatu, jua la mchana likiwa limefichwa na mawingu, Namkunda alikuwa shimoni kwake anajaza kikapu. Alisikia sauti kama ya mtu mkubwa anayepumua. Akainua kichwa akaona ukuta wa ndiva umevimba katikati kama tumbo, na wanaume wanaruka kando. Akamsikia Mrindoko, aliyekuwa amepanda kukagua kazi, akipiga kelele, "Pembe! Piga pembe!"

Sekiete akaipiga. Wanasema hakuwa amewahi kuipiga vile. Aliipiga mfululizo mpaka macho yakamtoka maji, na sauti yake ikafika kila nyumba, na mlangoni mwa kila nyumba mzigo ulikuwa tayari.

Namkunda akageuka kutazama kijiji. Kutoka pale juu alikiona chote. Watu walikuwa wanatoka kwenye migomba kama siafu, na wote walikuwa wanateremka. Wanateremka korongoni, mahali ambapo maji yangepita.

Alitupa kikapu akakimbia. Hakufuata njia, alikata katikati ya mashamba, akaanguka mara mbili, akatokea kwenye njia panda. Mkono wa kushoto njia ilishuka mapangoni. Mkono wa kulia ilipanda malishoni, kwenye kilima cha mawe walikochungia mbuzi. Kundi la kwanza lilikuwa limekwishapita. Kundi kubwa lilikuwa linakuja. Namkunda akasimama katikati ya njia ya kushoto akanyoosha mikono.

"Msishuke! Si wavamizi! Ni maji!"

"Toka njiani!" alifoka mhunzi wa kijiji, mzee mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa mbele ya wote. "Watatukuta hapa!"

"Baba, hakuna anayekuja. Ndiva inabomoka. Nimeiona kwa macho yangu."

"Mbona hatukuambiwa? Siku tatu tunauliza, tunaambiwa hakuna kitu!"

"Mlifichwa. Mimi nami nilifichwa. Sasa nisikilizeni." Akavuta pumzi, akaishusha sauti, hata waliokuwa nyuma wakanyamaza ili wamsikie. "Ninachokijua ni hiki: ukuta umevimba, na maji yakitoka yatapita korongoni. Nisichokijua ni yatafika saa ngapi. Huenda sasa hivi, huenda jioni. La kufanya: pandeni malishoni, mkono wa kulia. Kila mtu amshike mkono aliye karibu naye. Msikimbie. Njia inatutosha."

Mwanamke mmoja alianza kulia, akasema huu ni mtego. Kila mtu alimtazama mhunzi. Yule mzee alimtazama Namkunda, akaitazama na miguu yake iliyojaa tope jekundu.

"Huyu," akasema, "aliwahi kunikataza kununua chungu chake mwenyewe kwa sababu kilikuwa na ufa ambao mimi sikuuona. Akisema kuna ufa, mimi namwamini." Akamshika mkono yule mwanamke aliyekuwa akilia, akageukia kulia, akaanza kupanda.

Wakamfuata. Wote waliokuja nyuma yao Namkunda aliwaambia maneno yale yale, bila kuongeza na bila kupunguza: ninachokijua, nisichokijua, la kufanya. Sauti ikamkauka. Katikati ya watu akamwona jirani wa dada yake.

"Nanzighe yuko nyuma yenu?"

"Nanzighe alitangulia," yule jirani akamjibu. "Alikuwa anamkokota mama mkwe wake. Wameshashuka."

Hapo, wajukuu zangu, ndipo penye uzito wa hadithi hii. Dada yake yuko chini. Njiani bado watu wanakuja, wengine na watoto mgongoni, na kama hapana mtu wa kusimama pale, watashuka. Namkunda aliitazama njia ya korongoni. Akainua mguu, akaurudisha. Akawageukia waliokuwa wanakuja, akasema tena, "Msishuke. Si wavamizi. Ni maji."

Mara Sekiete akatokea anahema, pembe ikiwa inaning'inia shingoni. Aliona watu wanapanda malishoni, uso ukamlegea kwa faraja.

"Shemeji," Namkunda akamwambia, "dada yangu yuko mapangoni. Yeye na mama yako."

Sekiete aliteremka kama jiwe lililosukumwa. Alipofika korongoni kijito kilikuwa kimepanda na kimekuwa chekundu kama damu. Alipita pango hadi pango akipiga kelele, "Tokeni! Ni maji! Ni mimi Sekiete, tokeni!" Kutoka pango la kwanza walitoka watano. La pili, watatu. Pango la tatu lilikuwa mbele zaidi, ng'ambo ya kijito, na ndilo lililokuwa na sakafu kavu. Nanzighe alikuwa amemchagulia mama mkwe wake mahali pazuri. Sekiete alikuwa ameingiza mguu majini ili avuke, ndipo ukuta wa ndiva ukaachia na maji yakashuka.

Wale wanane walimshika wakamvuta ukingoni, maana alitaka kwenda hivyo hivyo. Mapangoni walikufa watatu: Nanzighe, mama yake Sekiete, na msichana mmoja aliyekuwa amewafuata kuwasaidia.

Kule malishoni watu walikuwa wamekaa kwenye mawe, mvua ikiwanyeshea, wakihesabiana. Mrindoko alifika amechafuka tope, ameishiwa nguvu. Walisimama wote. Wengine walitaka kumpiga. Wengine walitaka kushuka kuokoa mbuzi na vyakula, wakisema maji yameshapita, hatari imekwisha. Mzee yule alifungua kinywa ili aseme yaliyo rahisi, kwamba ni kweli, yamekwisha. Namkunda akamsogelea.

"Mzee," alisema, na sauti ilikuwa haitoki vizuri, "waambie unachokijua. Na usichokijua pia waambie."

Mrindoko aliwageukia watu wake. Kisha akavua kofia yake ya ngozi.

"Nusu ya ukuta imekwenda," alisema. "Nusu imebaki, na nyuma yake kuna maji. Sijui kama itashika. Kwa hiyo msishuke. Maji ya kijito msiyanywe, kingeni ya mvua. Kila baada ya muda wa kuivisha chungu cha maharage nitakuja hapa kuwaambia nilichokiona, hata kama sina jipya. Na kuhusu siku hizi tatu, mimi ndiye niliyewafungia habari. Sekiete alitaka kusema, nikamwapisha. Mkiniuliza kwa nini, nilidhani nawakinga na hofu."

Alipanda kutazama ukuta, akarudi kama alivyoahidi, akasema, "Bado umesimama." Akaenda akarudi mara ya pili, akasema, "Sina jipya." Mara ya tatu vivyo hivyo. Na watu, ambao aliwaogopa miaka sita yote, walikaa. Waligawana ndizi. Wenye ngozi za kujifunika waliwafunika wazee. Walipochoka walimuuliza maswali, naye akajibu aliyoweza, na asiyoyaweza akasema sijui. Alfajiri ile nusu ya pili ya ukuta ilianguka na maji yakapita kwenye nyumba sita za chini. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake.

Wanasema Mrindoko alisimama akiyatazama yale maji, akamwambia mhunzi polepole, "Nimewaambia sijui, nao wamekaa." Alilirudia neno hilo kama mtu aliyeambiwa siri akiwa amechelewa mno.

Matanga yalipokwisha, kijiji kilikutana. Watu walikuwa na hasira na pembe. Walisema ndiyo iliyowapeleka wenzao mapangoni, ivunjwe, izikwe pamoja na waliokufa. Mrindoko alikuwa ameshaomba avuliwe ukuu, nao wakamwambia akae mpaka ukuta mpya usimame, ndipo watazungumza. Kuhusu pembe, hata hivyo, walikuwa wamekata shauri. Sekiete alikuwa ameketi pembeni, na tangu msiba hakuwa amesema zaidi ya kuitikia pole. Wakamwambia ailete.

Aliinuka nayo mkononi.

"Mnataka kuivunja," alisema, "lakini pembe hii haikukosa. Niliipiga kwa pumzi yangu yote, na mke wangu akaisikia. Aliitii. Alimchukua mama yangu, akampeleka pale alipofundishwa kumpeleka. Pembe ilifanya kazi yake, na Nanzighe akafanya yake. Siku tatu niliishi naye nyumba moja. Neno moja lingetosha. 'Mama Kiondo, ni maji, ukisikia pembe panda juu.' Ni maneno mangapi hayo? Mimi ndiye sikufanya kazi yangu. Pembe huamsha, neno huokoa. Mimi niliamsha tu."

Namkunda alikwenda akakaa karibu naye, wakalia pamoja, na walikuwa bado hawajalia pamoja tangu siku ile.

Pembe haikuvunjwa. Lakini ikawekwa sheria Kirindi kwamba haipigwi mpaka pawepo watu wawili tayari njia panda, wenye kujua la kusema: ni kitu gani, kiko wapi, watu waende wapi, nini bado hakijulikani, na lini watarudi kuambiwa tena. Sekiete aliendelea kuitunza mpaka uzeeni. Na kila masika ilipoingia alipita nyumba kwa nyumba, yeye aliyekuwa mtu wa maneno machache, akiwaambia watu ukuta ukoje mwaka huo, hata ulipokuwa mzima, hata walipomwambia, "Mzee, ulikuja juzi, tumeshasikia." Alikuwa akijibu kwa neno lile lile, na kwa kulisikia mlangoni kwao mwaka hadi mwaka, watu wakalifanya lao, wakawapa watoto wao, nao wakatupa sisi: pembe huamsha, neno huokoa.